Chama kilichojengwa juu ya ukimya

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1991, Tume ya Jaji Nyalali ilipokuwa ikizunguka Tanzania nzima kuwauliza wananchi kama chama kiendelee kuwa kimoja au viwe vingi, mimi nilikuwa darasa la sita, na nilimsikia akimjibu jirani yetu barazani: mafahali wawili hawakai zizi moja. Aliamini neno hilo kwa moyo wote. Na wenzake walikuwa wengi, maana karibu watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kibaki kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na kufikia Julai 1992 sheria ilikuwa imebadilika.

Jibu lile la baba limekaa nami. Nilipoanza kusoma historia ya vyama vya Marekani kwa bidii, nilikuwa natafuta siku ambayo waasisi wa taifa lile walikaa chini wakakubaliana kuwa na vyama viwili. Siku hiyo haipo. Katiba yao, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, haitaji vyama hata mara moja. Nilichokikuta ni wazee waliofikiri sawasawa na baba yangu. Thomas Jefferson aliandika mwaka 1789 kwamba kama njia pekee ya kwenda peponi ni kwenda na chama, yeye haendi. James Madison alikwisha kuandika makala nzima kuhusu hatari ya watu kujipanga kwa makundi. George Washington alipoaga mwaka 1796, katika barua ndefu iliyochapishwa gazetini, aliufananisha moyo wa uchama na moto usiozimika, unaohitaji kulindwa usiku na mchana usije ukateketeza nyumba badala ya kuwapa joto waliomo.

Lakini wakati Washington anaandika hayo, Jefferson na Madison walikuwa tayari viongozi wa chama. Miaka minane haikuwa imetimia tangu Jefferson aandike maneno yale ya peponi.

Kilichowafikisha hapo ni deni. Vita vya uhuru viliiachia nchi madeni makubwa, na majimbo nayo yalikuwa na ya kwao, kiasi cha dola milioni 25. Askari wengi walikuwa wamelipwa kwa hati badala ya fedha. Maisha yalipowabana, waliziuza hati hizo kwa walanguzi wa mijini kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Januari 1790 Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza, akapeleka mpango wake bungeni: serikali kuu ilipe hati zote kwa thamani iliyoandikwa, imlipe yeyote anayezishika, na ibebe madeni ya majimbo yote. Nia yake ilikuwa kuwafunga matajiri na serikali mpya kwa kamba moja, ili ikianguka waanguke nayo. Kiuchumi naona alikuwa sahihi. Lakini jiweke mahali pa askari aliyeiuza hati yake apate unga, kisha akasikia kwamba mnunuzi analipwa zote. Jiweke pia mahali pa Virginia, jimbo lililokwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake, linaloambiwa sasa lichangie la wenzao.

Madison akaongoza upinzani katika Baraza la Wawakilishi, na mpango wa kubeba madeni ya majimbo ukakwama. Jefferson anasimulia kwamba siku moja alimkuta Hamilton mbele ya nyumba ya Rais, New York, amechakaa na amekata tamaa. Wakatembea huku na huku mbele ya mlango kwa muda wa nusu saa, Hamilton akieleza kwamba mpango ukifa, muungano wenyewe uko hatarini. Jefferson akamwalika chakula nyumbani kwake Maiden Lane, akamwita na Madison. Hiyo ilikuwa Juni 1790. Waliondoka mezani wameelewana: wabunge kadhaa wa kusini watabadili kura ili mpango upite, na makao makuu ya nchi yatajengwa kusini, kando ya mto Potomac. Mji wa Washington ulitoka kwenye sahani za meza ile. Baadaye Jefferson alijuta, akasema alitumiwa bila kuelewa.

Desemba mwaka huo huo Hamilton akaleta mpango wa benki ya taifa, na hapo maelewano yakaisha. Jefferson na Madison wakaona wanahitaji gazeti, kwa sababu Hamilton alikuwa na lake, la John Fenno. Wakamleta mshairi Philip Freneau, na Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akampa kazi ya kutafsiri wizarani kwa dola 250 kwa mwaka. Oktoba 1791 gazeti la Freneau likatoka na kuanza kuishambulia serikali ambayo mlipaji wake alikuwa waziri ndani yake. Hapa ndipo ninapoweka mwanzo wa vyama vya Marekani, kwenye magazeti haya mawili. Msomaji wa kijijini, maili mia nne kutoka mji mkuu, alipata kujua kwa mara ya kwanza kwamba kuna upande huu na upande ule, na kwamba yeye ana wake.

Wafuasi wa Hamilton wakaitwa Federalist. Wa Jefferson walijiita Republican, nao ni tofauti kabisa na Republican wa leo. Jefferson aliandika miaka mingi baadaye kwamba katika baraza la mawaziri yeye na Hamilton walikuwa wakikabiliana kila siku kama majogoo wawili. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Baba alisema mafahali, Jefferson anasema majogoo, na zizi ni lile lile.

Tatizo lilikuwa kwamba kila upande uliamini upande wa pili ni wasaliti. Mapinduzi ya Ufaransa yalizidisha: Federalist waliwaona wenzao kuwa vibaraka wa Paris, nao wakaonekana vibaraka wa London. Mwaka 1798, chini ya Rais John Adams, Federalist wakapitisha sheria ya uchochezi. Ukiandika uongo wa kuikashifu serikali, Bunge au Rais, adhabu ilikuwa faini ya hadi dola 2,000 na kifungo cha hadi miaka miwili. Makamu wa Rais hakutajwa miongoni mwa wanaolindwa, na Makamu wa Rais alikuwa Jefferson. Sheria yenyewe iliandikwa iishe tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya muhula wa Adams, ili wakishindwa isije ikatumika dhidi yao.

Mmoja wa waliofungwa alikuwa Matthew Lyon, mbunge wa Vermont. Alikaa jela miezi minne, na akiwa humo ndani wapiga kura wakamchagua tena. Mkumbuke jina.

Uchaguzi wa 1800 ulikuja na balaa la aina yake. Katiba ilimtaka kila mjumbe wa uchaguzi, yaani wale wachache wa kila jimbo wanaomchagua Rais kwa niaba ya wengine, apige kura mbili za urais bila kusema ipi ni ya makamu, kwa kuwa waandishi wake hawakuwahi kufikiria chama kitakachosimamisha watu wawili kama timu. Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, wakapata 73 kila mmoja. Adams akabaki na 65. Uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, na ushindi ulihitaji majimbo 9 kati ya 16. Tarehe 11 Februari 1801, theluji ikianguka Washington, wakapiga kura: Jefferson 8, Burr 6, majimbo mawili yamegawanyika katikati. Wakarudia, yakawa yale yale. Mbunge wa Maryland, Joseph Nicholson, aliletwa kwenye theluji amelala kitandani ana homa, mkewe pembeni yake, kwa sababu angekosekana yeye, jimbo lake lingehamia kwa Burr. Magavana wa Pennsylvania na Virginia walikuwa wanawaandaa wanamgambo.

Kura ya 36, tarehe 17, ndiyo iliyovunja mkwamo. James Bayard, Federalist na mbunge pekee wa Delaware, aliamua kwamba nchi haiwezi kubaki bila Rais, na Federalist wenzake kadhaa wakakubali kutoingilia. Mbunge wa pili wa Vermont akajitoa, na kura ya jimbo hilo ikabaki mikononi mwa mtu mmoja, Lyon, yule aliyefungwa na serikali ya Adams. Akampa Jefferson. Tarehe 4 Machi Adams aliondoka mjini saa kumi alfajiri bila kusubiri sherehe. Alikuwa na kinyongo, lakini aliondoka. Hakukuwa na risasi hata moja.

Ningependa kuiacha hadithi hapo, kwa sababu ni nzuri, na husimuliwa hivyo mara nyingi. Ila kuna hesabu chini yake. Katiba iliyaruhusu majimbo yenye watumwa kuhesabu watumwa watano kama watu watatu wakati wa kugawa viti na kura za wajumbe. Watumwa wenyewe hawakupiga kura. Kura za ziada ambazo kusini ilizipata kwa miili yao zilizidi zile nane zilizomtenganisha Jefferson na Adams. Tangu mwanzo kabisa, vyama vya Marekani vilikuwa vimesimama juu ya watu ambao havikuwa vikiwataja.

Federalist walikufa polepole, wakamalizwa na vita vya 1812 dhidi ya Uingereza, ambapo baadhi yao walikutana Hartford kulalamikia vita wakati wenzao wanapigana. Kufikia 1820 Rais James Monroe alichaguliwa tena bila mpinzani. Chama kimoja kikabaki, na wengi wakadhani ugonjwa umepona. Kumbe mwaka huo huo nchi ilikuwa inagombana kuhusu Missouri, kama iingie kwenye muungano ikiwa na utumwa au bila. Jefferson, mzee wa miaka 77, alisema ugomvi ule ulimwamsha kama kengele ya moto usiku.

Aliyeisikia kengele hiyo kwa sikio la mwanasiasa ni Martin Van Buren, na kwangu yeye ndiye baba halisi wa chama cha siasa kama tukijuavyo. Alizaliwa Kinderhook, New York, mwaka 1782, mtoto wa mwenye kilabu cha pombe, nyumba iliyozungumza Kiholanzi. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili. Hakuwa jemadari wala mtu wa ukoo mkubwa. Alikulia mahali ambapo wasafiri, mawakili na wanasiasa hukaa meza moja wakabishana, na aliona jambo ambalo Washington hakuliona: kwamba chama kinaweza kuwaunganisha watu ambao kingine chochote kingewatenganisha. Kwake mwanachama mtiifu, anayekubali kushindwa ndani ya kikao na kesho akaenda kumpigia kampeni aliyemshinda, ni mtu wa kuheshimiwa. Nakubaliana naye. Baba angekubaliana naye pia, kwa upande wa utiifu.

Sasa isome barua yake. Januari 1827 Van Buren alimwandikia Thomas Ritchie, mhariri wa Richmond, Virginia, akimshawishi kwamba muungano wa zamani ufufuliwe: wakulima wakubwa wa kusini pamoja na wananchi wa kawaida wa kaskazini. Hoja yake ilikuwa kwamba mapenzi ya chama ndiyo yaliyokuwa dawa ya chuki za kikanda, na kwamba vyama vya zamani vikifa, ugomvi wa majimbo huru na majimbo ya utumwa utachukua nafasi yao. Kwa maneno mengine, tuwape watu kitu kingine cha kugombania, tusigusane pale panapouma. Jina la kuwabebea lilikuwa Andrew Jackson, jemadari aliyeshika nafasi ya kwanza mwaka 1824 na bado akakosa urais Baraza la Wawakilishi lilipomchagua John Quincy Adams.

Ilifanya kazi. Mwaka 1828 Jackson alishinda kwa kura 178 za wajumbe dhidi ya 83, na chama chake ndicho hiki kinachoitwa Democratic hadi leo. Zaidi ya nusu ya wanaume waliokuwa na haki ya kupiga kura walijitokeza, wakati miaka minne nyuma walikuwa kama robo tu. Mei 1832 Wademokrat wakafanya mkutano mkuu wa kitaifa Baltimore, wakaweka sharti kwamba mgombea lazima apate theluthi mbili ya wajumbe. Sharti hilo lilidumu hadi 1936. Maana yake ni kwamba hakuna mtu ambaye kusini imemkataa kabisa angeweza kusimama.

Wapinzani wa Jackson wakajikusanya kwa jina la Whig mwaka 1834, na mwaka 1840 wakawapiga Wademokrat kwa silaha zao wenyewe: maandamano, nyimbo, vibanda vya magogo vilivyokokotwa barabarani, na takrima ya pombe ya matufaha. Mgombea wao, William Henry Harrison, alishinda, akafa mwezi mmoja baada ya kuapishwa. Watu kama wanane katika kumi wenye haki ya kura walipiga kura. Ukitazama michoro ya enzi hiyo, ni sherehe tupu, na mtu anaweza kuamini kwamba ile ndiyo demokrasia imekomaa.

Wakati huo huo, kati ya 1836 na 1844, Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni kwamba maombi yoyote ya wananchi kuhusu utumwa yawekwe pembeni bila kusomwa wala kujadiliwa. Wanawake wa Massachusetts walikuwa wakikusanya saini nyumba kwa nyumba, karatasi zinafika Washington, hazifunguliwi. John Quincy Adams, aliyekuwa Rais na sasa ni mbunge mzee, alisimama mwaka baada ya mwaka kuzisoma, akizomewa, mpaka kanuni ikafutwa. Naliona tukio hilo kuwa kubwa kuliko chaguzi zote za zama zile. Vyama viwili vilikuwa vinashindana kwa nguvu zote kuhusu benki na ushuru, huku mamilioni ya watu wakiwa utumwani, na makubaliano ya kunyamaza yalikuwa ya pande zote mbili.

Ukimya ulivunjika mwaka 1854. Seneta Stephen Douglas, Mdemokrat wa Illinois, alipitisha sheria ya Kansas na Nebraska iliyofungua ardhi ambako utumwa ulipigwa marufuku tangu 1820. Whig wakapasuka kati ya kaskazini na kusini na hawakuungana tena. Tarehe 20 Machi, Ripon, Wisconsin, watu wa mji mdogo walikutana kwenye jengo la shule lililojengwa kwa mbao, chumba kimoja, bado lipo. Alvan Bovay, aliyeitisha kikao, alisimulia baadaye kwamba waliingia wakiwa Whig, Wademokrat na wa chama cha ardhi huru, wakatoka wakiwa Republican. Vikao kama hicho vilikuwa vingi kaskazini mwaka huo. Hicho ndicho chama cha Republican cha leo, na kilizaliwa kwa kusema lile ambalo Van Buren alitaka lisisemwe. Van Buren mwenyewe, baada ya sharti la theluthi mbili kumnyima ugombea mwaka 1844, alisimama mwaka 1848 kwa tiketi ya chama cha ardhi huru akipinga utumwa kuenezwa, akapata kama asilimia 10.

Mwaka 1860 Wademokrat walikutana Charleston, wakapiga kura 57 bila kumpata mgombea, wakagawanyika. Abraham Lincoln akashinda kwa chini kidogo ya asilimia 40, na katika majimbo kumi ya kusini hakupata kura hata moja. Ili kuelewa hilo inabidi ujue kwamba siku hizo serikali haikuchapa karatasi za kura. Kila chama kilichapa zake, na wakala wake akazigawa kituoni. Ulipewa karatasi yenye majina ya wagombea wa chama chako, ukaitumbukiza. Pasipo na chama cha kuchapa wala wakala mwenye ujasiri wa kusimama nazo, jina halipo. Miezi mitano baada ya uchaguzi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza.

Baada ya vita, weusi waliokombolewa walipiga kura kwa chama cha Lincoln, na mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa seneta mweusi wa kwanza. Kisha mwaka 1877 askari wa serikali kuu wakaondolewa kuwalinda, kusini ikarudi mikononi mwa Wademokrat weupe, na haki ya kura ikanyang'anywa kwa kodi, mitihani na kamba ya kunyongea. Republican nao wakajifunza kunyamaza. Miaka ya Rais Franklin Roosevelt, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, weusi wa kaskazini walianza kuhamia Democratic, chama kile kile kilichowanyonga ndugu zao kusini.

Ndiyo maana Agosti 1964 ilikuwa lazima ije. Wademokrat walikuwa na mkutano wao mkuu Atlantic City. Ujumbe wa Mississippi ulikuwa wa weupe watupu. Ukaja ujumbe mwingine kutoka jimbo hilo hilo kudai viti, na mbele ya kamati ya uhakiki akaketi Fannie Lou Hamer wa Ruleville, mtoto wa ishirini wa wakulima wa pamba. Mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, na siku hiyo hiyo mwenye shamba akamfukuza alipokuwa ameishi miaka 18. Mwaka 1963 alipigwa ndani ya jela ya Winona mpaka akabaki na madhara mwilini maisha yake yote. Alieleza yote hayo kwenye kipaza sauti, bila karatasi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuimba kanisani. Rais Lyndon Johnson, Mdemokrat, aliyekuwa ametia saini Sheria ya Haki za Raia mwezi uliotangulia, aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimwache yule mama. Zikamwacha. Jioni ile vituo vya televisheni vikaurusha ushahidi wake wote, na nchi ikamsikia.

Chama kiliwapa viti viwili. Wakavikataa. Novemba, majimbo matano ya kusini kabisa yakaenda kwa Barry Goldwater wa Republican, aliyepiga kura kupinga sheria ile, na mabadilishano ya vyama tunayoyaona leo yakaanza kuonekana wazi.

Mwaka 1968, Chicago, Hamer aliingia kwenye mkutano mkuu wa Wademokrat kama mjumbe kamili wa Mississippi. Alipokwenda kuchukua kiti chake, ukumbi ukasimama kumpigia makofi.